Nilimpa mama picha ndogo ya marehemu, kisha nikamsingizia fundi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, niko Moshi. Napiga picha za harusi, sendofu, kipaimara na misiba kwenye studio ya baba mdogo, si mbali na mnara wa saa. Baba alipofariki nikiwa kidato cha pili, baba mdogo ndiye aliyenichukua, akanilipia ada, na nilipomaliza shule akanishikisha kamera. Nalisema hili mapema ujue kwamba ninayemzungumzia si bosi tu.

Desemba 2023 tulipiga harusi moja Kibosho. Unaijua Desemba ya huku kwetu: watu wote wamerudi nyumbani, Jumamosi moja ina harusi tatu. Nilichagua picha mia nne, nikazirekebisha rangi, nikazitoa kwenye kompyuta kwa mpangilio ule ule aliouweka baba mdogo kwa kila mteja, yaani upande mrefu pikseli 1080 (pikseli ni vile vibokisi vidogo vya rangi vinavyounda picha). Nikazitia kwenye flashi, nikampelekea mama wa bibi harusi. Aliniombea baraka mpaka nikaona aibu.

Mume wake, baba wa bibi harusi, alifariki mwaka jana. Mwezi ujao ni misa ya kumbukumbu, na mama alikuja studio na ile flashi ameifunga kwenye leso. Anataka picha moja tu ikuzwe, sentimita 60 kwa 90, iwekwe kwenye fremu mbele ya hema. Ni picha ya mzee ameketi chini ya migomba na watu wengine wanne, kata ya mbege mkononi, anacheka. Mama anasema ndiyo picha pekee ya mzee akicheka, nyingine zote ni za vitambulisho.

Nikachukua picha hiyo hapo hapo kwenye flashi, nikamkata mzee abaki peke yake, nikampa. Akaenda kuchapisha kwa fundi mmoja Mbuyuni. Ikatoka ukungu mtupu. Akarudi kwangu. Nikafungua mipangilio nikaona imeandikwa 72, nikakumbuka nimewahi kusikia kwamba ya kuchapa ni 300. Nikabadilisha, nikamwambia, "Mama, sasa iko sawa, nimeweka mia tatu." Akalipia mara ya pili. Ikatoka vile vile.

Hapo ndipo nilipotamka neno linaloninyima usingizi. Nilisema, "Mama, mashine ya huyo fundi ni mbovu." Akaniamini. Akaenda akamfokea mbele ya wateja, na hao wawili wanasali jumuiya moja.

Fundi akanipigia simu. Nilienda nikijua ni ugomvi. Akanivutia benchi, akafungua faili langu, akanionyesha vipimo: pikseli 270 kwa 405. Akaukuza uso wa mzee mpaka jicho moja likajaa skrini, tukahesabu pamoja: jicho zima lilikuwa na vibokisi kumi na viwili kwa upana. Kisha akaweka rula juu ya ile karatasi iliyoharibika. "Kwenye sentimita mbili una vibokisi tisa tu. Mdogo wangu, hiyo mia tatu uliyoandika ni anwani juu ya bahasha. Barua ya ndani ni ile ile." Akasema na kijana wake alikosea, angeuliza kabla ya kuchapa. Fundi mwenyewe hajamwambia mama lolote. Ananisubiri mimi.

Nilimwomba baba mdogo faili kubwa. Kamera yetu ni ya megapikseli 24, na za harusi ile zinapaswa kuwa kwenye hardi diski iliyo kwenye droo yake. Akasema, "Mteja ukimpa faili kubwa humwoni tena. Akitaka, alipie elfu themanini." Hajui nilivyomsingizia fundi.

Tangu nianze kazi, familia zaidi ya arobaini zina flashi kama ile, na harusi nyingine tumeshazifuta ili kupata nafasi. Je, mimi ni mwizi? Nimwambie mama ukweli nimwaibishe baba mdogo? Nichukue lile faili usiku kimya kimya, maana funguo za droo najua zilipo? Na wale wengine arobaini?

Mpiga picha, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliishia kumfikiria yule fundi aliyekuvutia benchi badala ya kukufokea.

Umeniuliza maswali manne, lakini nikiyasikiliza kwa makini naona yamefungana mambo mawili ambayo ni vizuri tuyafungue. Kuna jambo ulilolifanya bila kujua, na kuna jambo ulilolisema ukiwa umebanwa. Uliposema "nimeweka mia tatu" uliamini. Uliposema mashine ni mbovu, uliijua mashine hiyo? Nadhani hata wewe hulali kwa sababu ya hilo la pili, si kwa sababu ya pikseli. Neno "mwizi" limeyachanganya yote, na ukilibeba hivyo hutajua lipi la kurekebisha kwa kompyuta na lipi la kurekebisha kwa mdomo.

Nianze na la kompyuta, kwa kuwa nilikaa miaka kadhaa kwenye meza ya kupanga kurasa za gazeti, na kosa lako nimeliona likifanywa na watu wazima wenye vyeti. Picha ya kidijitali haina sentimita. Ina idadi ya pikseli, basi. Ile 72 au 300 ni maelezo tu yanayoiambia mashine pikseli hizo zipangwe ngapi katika kila inchi ya karatasi. Ukiandika 300 bila kuongeza pikseli, umeomba zipangwe kwa kubanana zaidi, kwa hiyo picha inapaswa kutoka ndogo zaidi. Mteja akisisitiza ukubwa ule ule, mashine inazitawanya tena, na ukungu unabaki pale pale. Hiyo 72 yenyewe ni urithi wa skrini ya kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, iliyokuwa na pikseli 72 kwa inchi. Skrini zile zimekufa, namba imebaki, na vijana bado wanaihofia.

Sasa tupige hesabu ya mzee. Megapikseli 24 kwa kawaida ni pikseli 6000 kwa 4000. Uliposhusha upande mrefu hadi 1080, picha ya watu watano ikabaki 1080 kwa 720. Ukamkata mzee, zikabaki 270 kwa 405. Ukimkata vile vile kutoka kwenye faili la asili unapata kama 1500 kwa 2250. Kwenye kimo cha sentimita 90, hizo ni pikseli 25 kwa kila sentimita badala ya nne na nusu. Kila pikseli inakuwa na upana wa milimita 0.4.

Inatosha? Inategemea mtu anasimama wapi. Jicho lenye afya, kwa umbali wa mita moja, hutenganisha vitu vya karibu milimita 0.3. Kwa hiyo aliyeketi kwenye hema, mita mbili au tatu kutoka kwenye fremu, atamwona mzee anacheka, bila shida. Ndiyo sababu mabango ya barabarani yanachapwa kwa pikseli chache mno kwa inchi na hakuna anayelalamika. Lakini kuna mtu mmoja ambaye hatakaa mita mbili. Baada ya misa, watu wakishaondoka, mama ataisogelea ile picha na kuweka kiganja kwenye shavu la mume wake. Kwa umbali huo ataona ulaini fulani, si ukungu ule wa kwanza, ila ulaini. Ikichapwa sentimita 30 kwa 45 zinakuwa pikseli 50 kwa sentimita, sawa na 127 kwa inchi, na hapo hata akiwa karibu itampendeza. Kwa 20 kwa 30 ni 190 kwa inchi, ya kushika mkononi. Pengine anahitaji mbili, ya hema na ya chumbani. Pengine hataki hivyo. Je, kuna aliyemuuliza picha itakaa wapi baada ya misa?

Naona uko njiani kufikiria njia ya mkato, ile ya programu za kukuza picha kwa akili bandia, kwa hiyo nikutangulie. Zipo, na nyingine ni nzuri. Adobe waliweka mwaka 2021 uwezo wa kuzidisha pikseli mara mbili kila upande, na ukiutumia kwenye faili la asili unaweza kukusaidia kwa ile ya 60 kwa 90. Lakini kwenye hii ya flashi, yenye jicho la vibokisi kumi na viwili, programu itabidi ikisie. Itachora kope safi, meno safi, ngozi isiyo na alama, na huenda yakawa ya mtu mwingine. Mama ameishi na uso ule miaka yote hiyo. Kumletea mume anayefanana na mume wake kunaweza kuumiza kuliko ule ukungu. Ukijaribu, mwonyeshe kwanza kwenye skrini, umwambie wazi ulichofanya.

Nije kwa baba mdogo. Umemweleza kama mtu anayebana wateja, nami sitaki kubishana na unachokiona kila siku. Ila niulizie jambo moja: alianza kazi enzi za filamu? Nadhani ndiyo. Enzi zile ukipiga picha ya familia, studio ilisafisha, mteja akapewa kadi zake, negativu zikabaki kwenye bahasha kabatini. Akitaka nakala nyingine au kubwa zaidi, anarudi. Ndivyo studio ilivyokula, na hakuna aliyeona dhambi. Hata sheria inamtambua: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu picha kuwa miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kushikilia asili na kuuza ukubwa tofauti kwa bei tofauti ni biashara ya kawaida, na wapiga picha wengi duniani wanafanya hivyo.

Kilichobadilika ni kwamba mteja wa zamani alijua negativu ipo studio. Kadi aliyoishika ilikuwa kadi. Mama huyu aliifunga flashi kwenye leso akiamini ameshika negativu yenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba alichopewa kinatosha Instagram na hakitoshi ukuta. Hapo ndipo ninapoona kidonda, na si lazima baba mdogo awe amekiona, kwa sababu kwake yeye utaratibu ni ule ule uliomlisha hata akapata ada yako. Ukimwendea na neno "tunaiba" utakuwa umemtukana mtu ambaye moyoni hajaiba. Ukimwendea na swali, "Baba, huyu mama anajua kwamba asili iko kwetu?" huenda akakaa kimya kidogo. Ukimya wa namna hiyo wakati mwingine una faida.

Kuhusu kuchukua faili usiku, nakuelewa, maana kumbukumbu ni mwezi ujao na wewe una haraka ya kutua mzigo. Lakini fikiria asubuhi yake. Mama atafurahi, atakuja studio na ndizi kumshukuru baba mdogo kwa picha nzuri, na baba mdogo atajua droo imefunguliwa. Tena fundi wa Mbuyuni atabaki na lawama zake, kwa kuwa picha ikitoka safi mama ataamini mashine ilitengenezwa.

Unaweza kulipa wewe hizo elfu themanini, hata kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye malipo yako. Faida yake ni kwamba baba mdogo anabaki na utaratibu wake na mama hatozwi mara ya tatu. Hatari yake ni kwamba umelinunua kosa likanyamaza, na kesho unatoa tena pikseli 1080 kwa bibi harusi mwingine. Unaweza pia kumtanguliza mtu. Huko kwenu yupo mama mdogo, au mzee wa ukoo, ambaye baba mdogo humsikiliza? Ugumu wa njia hiyo ni kwamba jambo la studio linakuwa la ukoo, na baba mdogo anaweza kuona umemshtaki. Wewe unamjua, mimi simjui.

Au uanze na mama. Hapa nina wasiwasi mmoja tu, wa mpangilio. Umeshamwambia mara moja "sasa iko sawa" kabla ya kuwa na uhakika. Ukienda leo kumwambia picha nzuri ipo, kisha ukakuta harusi ile ni mojawapo ya zilizofutwa, utakuwa umemfiwisha mara ya pili. Ukweli kuhusu fundi, huo hauhitaji hardi diski. Unaweza kusemwa wakati wowote, na kila Jumapili inayopita wale wawili wanakaa kwenye jumuiya moja bila kusalimiana. Unadhani mama atakuchukia. Labda atakasirika. Lakini alikuombea baraka kwa picha ya mzee akicheka, na picha hiyo uliiona wewe kati ya maelfu ukabonyeza kitufe. Hilo halifutwi na mpangilio wa kompyuta.

Wale arobaini sitakuambia uwapigie wote wala uwanyamazie. Ningekuwa wewe ningechukua daftari na kuandika ni harusi zipi asili zake bado zipo, kisha ni familia gani kati ya hizo zimepoteza mtu tangu siku ile. Huenda orodha ikawa fupi kuliko unavyoogopa. Kwa waliofutiwa, ile ya 1080 bado ina matumizi: kwa picha ya kawaida ya 10 kwa 15 inatoa kama pikseli 183 kwa inchi, inatosha albamu. Si kitu cha kutupa. Ni ukutani ndiko isikofika.

Kwa kazi zinazokuja, kuna namna ambayo pengine hata baba mdogo ataikubali, kwa sababu haimpokonyi biashara. Toa folda mbili. Ya simu, upande mrefu 2048 au hapo karibu. Ya kuchapa, pikseli zote zilizopo, kile kisanduku cha kubadili ukubwa usikiguse kabisa, JPEG yenye ubora wa 90 hivi, rangi ziwe za mpangilio wa kawaida uitwao sRGB ili zisififie kwenye simu na mashine za kawaida. Kama ya pili inauzwa kando, iandikwe kwenye risiti siku ya kuchukua oda, na bei yake, mteja achague akiwa anajua. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida inapunguzwa njiani, na hata ule uwezo wa picha za ubora wa juu walioongeza mwaka 2023 haulindi faili zima kama hati inavyolinda.

Jambo la mwisho la ufundi, kwa ajili ya mama. Siku utakapopata faili la asili, usichape 60 kwa 90 moja kwa moja. Kata kipande cha uso tu, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kwa ukubwa ule ule utakaokuwa kwenye fremu, ukichape kwenye karatasi ya A4. Ni gharama ndogo. Kibandike ukutani, simama mlangoni, kisha usogee mpaka ukiguse. Utajua mwenyewe kabla mama hajalipa tena.

Leo jioni mkifunga, mwombe baba mdogo muwashe ile hardi diski pamoja muangalie tu kama harusi ya Kibosho ipo. Kuangalia si kuchukua, sidhani kama atakataa. Ikiwepo, niandikie vipimo vyake, tupige hesabu kabla hujapanda kwa mama.